Mgongo wa Tarsisi

Mimi si Mmatengo. Nimezaliwa Chiwanda, kando ya Ziwa Nyasa, ambako ardhi ni tambarare na muhogo hauna makuu. Mwanaume analima, mwanamke analima, jua likikolea wote wanarudi nyumbani kula usipa, dagaa wa huko ziwani. Tarsisi alinioa akanipandisha milimani, kijiji cha jirani na Litembo, na huko ndiko nilikoonyeshwa ngoro.

Kama hujawahi kuiona, ni hivi. Mwanaume anafyeka nyasi, anazilaza chini kwa mistari inayokatana mpaka zinatoa miraba, halafu anakwenda zake. Mwanamke anaingia na jembe. Anachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi, na akimaliza mteremko wote umejaa mashimo yenye kingo, na kwenye kingo anapanda maharage. Mvua ikinyesha maji yanatulia shimoni na udongo haushuki bondeni. Ni akili kubwa, sibishi. Wataalamu walikuwa wanakuja na kamera kuisifia. Sikumwona hata mmoja aliyepiga picha kiuno cha mwanamke aliyeinama humo tangu asubuhi.

Basi huku mgongo wa mwanamke ukiuma, anaambiwa pole, ni ngoro, na mazungumzo yanaendelea. Mgongo wa mwanaume ukiuma, hilo ni jambo la kuulizwa. Umefanya nini? Kwa sababu mwanaume halimi ngoro. Halijaandikwa popote, lakini hakuna asiyelijua. Shemeji yangu Hyasinti, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa na msemo wake wanaume wanapokula pamoja, kwamba mwanaume akishika jembe la ngoro basi mkewe apewe suruali. Wote wanacheka. Tarsisi naye alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa najua anachocheka.

Nieleze ilivyoanza. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda huku na magari yao, watu tukawa tunakimbizana barabarani kama tunafukuzwa. Mimi niliteleza kwenye kijia nikiwa na kahawa kichwani, nikaangukia kisiki kwa mgongo. Walinibeba mpaka hospitali ya misheni, ile ambayo kutoka mlangoni kwangu unaiona kwa macho ng'ambo ya bonde. Nililala huko hadi nikawafahamu wauguzi kwa hatua zao.

Aliyeninyanyua kitandani ni Sista Notburga, mwanamke mfupi asiye na mzaha. Nilidhani mgonjwa wa mgongo analazwa na kuachwa. Yeye alisema hapana, mgongo unapenda mwendo. Akanitembeza kidogo, kesho yake zaidi kidogo. Akanifundisha kulala chali nimekunja magoti, kuvuta goti moja kifuani, kuliachia, kuvuta la pili. Akanifundisha kunyanyua ndoo kwa nguvu za miguu, si kwa kuinama. Nilipojisikia vizuri nikajitia ushujaa, nikafua mashuka ya wodi nzima, kesho yake nikawa siwezi kugeuka. Alinigombeza.

"Ottilia, mwili haujengeki ukiwa kazini," alisema. "Unajengeka ukiwa umepumzika. Ukiufanyisha kazi leo, kesho upe nafasi."

Kisha akaniambia jambo ambalo wakati ule nililisikia kwa sikio moja. Alisema maumivu ya kazi yana tabia yake. Yanakuja baada ya kazi, yanakaa siku mbili tatu, ukilala nayo yanalala. Maumivu yasiyotaka kulala si ya kazi, hayo yaletwe hospitalini mapema. Nikaitikia, nikarudi nyumbani na magoti yangu ya kuvuta. Majirani walioniona nimelala mkekani narusha miguu juu walimpa pole mume wangu, wakidhani niligonga kichwa pia.

Nilipona. Lakini jembe la ngoro nilikatazwa kabisa. Mwaka wa kwanza wanawake wa ujirani walikuja kunilimia, maana huo ndio utaratibu wetu wa ngokela, leo kwako kesho kwangu, mwenye shamba anapika na wengine wanalima. Ila kesho kwangu ilipofika sikuweza kwenda. Hakuna aliyenisema. Walikuwa wema mno, na wema wa namna ile unakuchosha kuliko jembe. Msimu uliofuata niliwaambia nimepata nafuu, nitajilimia mwenyewe taratibu.

Nilikuwa nadanganya, na Tarsisi alijua. Asubuhi moja ya Machi tulikwenda wote kwenye shamba letu la bondeni, lile lisiloonekana kutoka njiani. Alishazilaza nyasi zake juzi yake. Nikashika jembe, nikainama, nikabaki hapohapo. Tarsisi alilichukua jembe mkononi mwangu akaanza kuchimba, vibaya sana, anafukia nyasi nusu na nusu anaziacha nje.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwelekeza. Kingo zake za kwanza zilikuwa zimepinda kama nyayo za mlevi, lakini kufikia mwisho wa wiki alikuwa analima ngoro kunishinda mimi niliyefundishwa na mama yake.

Tukatengeneza mbinu zetu. Mimi nakaa juu kidogo, nachambua mbegu, macho yako njiani. Mtu akitokea nakohoa. Tarsisi anaacha jembe, anadaka panga na kuanza kufyeka kitu chochote kilicho mbele yake, na mimi nateremka nashika jembe na kujifuta jasho lisilokuwepo. Kuna kichaka pale kilifyekwa mara nyingi hadi kikakata tamaa kuota. Watu walinisifu. Mwanamke wa ziwani, amepona mgongo, ona ngoro zake. Hyasinti mwenyewe alisimama pembeni ya shamba akamwambia mdogo wake kwamba alioa vizuri. Tarsisi aliinamisha kichwa akasema ndiyo, kaka.

Nilimpenda kabla ya hapo. Baada ya hapo nilimpenda kwa namna ambayo sikujua kuisema, kwa hiyo nilikuwa nampikia.

Mwaka wa tatu wa ulimaji ule, mgongo wake ukaanza kuuma. Ilikuwa Machi, katikati ya kazi, kwa hiyo hatukushangaa. Nilimkanda kwa maji ya moto. Nilimlaza mkekani nikamwonyesha ya Sista Notburga, goti hili, goti lile. Tukamaliza shamba, akapumzika. Nilimsubiri apone kama nilivyopona mimi.

Hakupona. Pasaka ikapita. Maharage yakavunwa. Jembe lilikuwa limetundikwa ukutani, na mgongo ukazidi. Mchana alikuwa na nafuu kidogo, akilala ndipo unaanza. Naamka namkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, anausikiliza. Kulala chali aliacha kabisa. Akawa anatoka nje kukojoa mara kwa mara na kukawia huko, akirudi anasema ni uzee. Suruali yake aliifunga kwa kamba ya katani, halafu kamba nayo ikahitaji kufupishwa. Nikayakumbuka maneno ya Sista, safari hii kwa masikio yote mawili.

"Twende hospitali," nilimwambia.

"Nitakwenda."

Alikwenda Mbinga mjini, kwenye duka la Masoudi. Masoudi ni mtu ambaye wazee wake walitoka pwani. Alikuwa na duka la vitenge, na ruhusa ya maduka binafsi ya dawa ilipokuja akaongeza chumba cha kuziuzia. Tarsisi akawa anarudi na vidonge vyeupe, anavimeza, anapata nafuu ya kufika jioni. Sikujua anavinunua kwa maneno gani, mpaka siku niliyopita mwenyewe dukani kutafuta kitenge.

"Karibu mama," Masoudi alisema. "Pole na mgongo."

"Ulishapona zamani."

Akanitazama juu ya miwani. "Mbona mzee kila akija mjini anakuchukulia vidonge?"

Nilielewa palepale, nikiwa nimeshika kitenge. Tarsisi alikuwa anaumwa kwa jina langu. Nikajishika kiuno, nikakunja uso kidogo. "Unasumbua bado," nikasema.

"Mama, mimi nauza dawa, ukiendelea kununua ni heri yangu," alisema Masoudi. "Lakini mgongo wa jembe haudai vidonge tangu Pasaka mpaka leo kahawa imeshavunwa. Nenda ukapimwe."

Nilipanda mlima na ushauri ule kama mtu aliyebeba mzigo wa mwingine. Nilimkuta Tarsisi amesimama, ameegemea nguzo ya baraza.

"Masoudi amesema nikapimwe mgongo," nilimwambia.

"Mgongo upi?"

"Wangu. Ule unaokuuma wewe."

Alicheka, na ilikuwa siku nyingi sijamsikia akicheka. Kisha kicheko kikamchoma, akaikumbatia nguzo mpaka kikapita.

"Nikienda daktari atauliza nimefanya kazi gani," alisema.

"Utamwambia."

"Hyasinti atakuwepo. Ndiye atakayenipeleka, huwezi kumzuia. Nitamwambia nini mbele ya Hyasinti?"

Hapo ndipo tulipokwama. Mtu mzima anakwisha mbele ya macho yangu, hospitali iko ng'ambo ya bonde, taa zake tunaziona, na kinachomzuia kuvuka ni swali moja ambalo hana jibu la kulitoa hadharani. Nilikasirika. Niliwakasirikia Wamatengo na mashimo yao, nikamkasirikia Hyasinti na suruali yake. Tarsisi akaniapisha kwamba jembe halitatajwa. Nikaapa, kwa sababu bila hivyo asingekubali kwenda hata mwezi uliofuata.

Hakukuwa na mwezi uliofuata. Asubuhi moja aliteremsha miguu kitandani na miguu ikakataa kumbeba. Hyasinti alikuja na vijana wake na machela, wakamvusha bonde, mimi nyuma na kikapu.

Daktari Joakim alikuwa kijana, si mtu wa huku. "Shikamoo mzee," alisema, na Tarsisi akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyebanwa na mlango. Hyasinti alikaa kati yetu, na kila swali alilijibu yeye.

"Alianguka?"

"Hajaanguka."

"Alibeba kitu kizito?"

"Mdogo wangu hana kazi nzito, daktari. Anafyeka nyasi, anahudumia kahawa yake. Mkewe ndiye mlimaji, mwanamke hodari sana."

"Mzee mwenyewe, yalianza lini?"

"Machi," alisema Tarsisi.

"Ulikuwa unafanya nini Machi?"

Tarsisi akatazama ukuta. Daktari akauliza tena kwa upole, akasema asipoambiwa ukweli atahangaika kutibu kitu kingine. Mume wangu akafumba mdomo kabisa. Nilimjua, asingeufungua mpaka arudishwe nyumbani.

"Alikuwa analima ngoro," nilisema mimi.

Hyasinti alicheka, akifikiri nimemtania daktari. Akanigeukia kuona kama nacheka naye.

"Ngoro zote unazozisifia analima yeye, shemeji. Mimi sijachimba shimo tangu nilipoanguka. Nakaa juu nakohoa."

Tarsisi alifumba macho. Hyasinti alibaki mdomo wazi, mikono juu ya magoti. Daktari, ambaye kwao hakuna ngoro, alitutazama sote watatu akijaribu kuelewa tumepatwa na nini.

"Sawa," alisema hatimaye. "Alilima. Jembe alilishika mwisho lini?"

"Mwishoni mwa Machi."

"Na leo ni Septemba. Mgongo uliochoshwa na jembe Machi, kufikia sasa umeshasahau. Mzee, hili si jembe."

Niliona uso wa mume wangu ukilegea kama wa mtu aliyefutiwa kesi, na hapohapo ukakaza upya. Miezi yote ile tulikuwa tumekaa mlangoni tunailinda siri, na siri yenyewe haikuwa na kosa. Ugonjwa ulikuwa unapita nyuma yetu, unaingia na kutoka utakavyo. Nilitaka kupiga mtu, na sikumwona wa kumpiga.

Kisha daktari akauliza maswali mengine, na haya niliyajibu mimi na Tarsisi kwa zamu. Je, maumivu yanamwamsha? Yanamwamsha. Amepungua? Suruali ile pale. Mkojo? Tarsisi akasema unatoka kwa kubembelezwa. Daktari akatutoa nje, akampima alivyompima, akampeleka kupigwa picha ya mifupa. Alipotuita tena, siku chache baadaye, aliketi kabla ya kusema.

Ni kansa, alisema. Imeanzia kwenye tezi ya wanaume, iliyo chini ya kibofu, na imepanda mpaka kwenye mifupa ya mgongo. Ndiyo maana miguu inakataa. Alieleza polepole kwamba tezi ile inapata nguvu kutoka kwenye korodani. Zikiondolewa, inakosa chakula na kunywea. Kuing'oa kansa yote hawezi, imeshasambaa. Lakini maumivu yatapungua sana, na miguu huenda ikaokolewa kama hawatachelewa. Wapo wanaokaa miaka. Hatuahidi.

Hyasinti alisimama. "Haiwezekani. Ndugu yangu ameingia humu mwanaume. Atatokaje?"

"Shemeji," nilisema, "ameingia humu amebebwa."

Akakaa. Nilikuwa nimejiandaa. Usiku kucha nilikuwa nimepanga maneno ya kumbembeleza Tarsisi iwapo daktari atasema jambo zito, maana nilifikiri mtu aliyeogopa kuonekana na jembe angekufa kabla ya kukubali hili. Nilikuwa tayari kupiga magoti. Nilikuwa tayari hata kumtukana.

Tarsisi aliyatazama mablanketi ya wodi. Kisha akamuuliza daktari, kwa sauti ya kawaida, mbele ya kaka yake:

"Nikikatwa, Machi nitaweza kulima?"

Daktari akatikisa kichwa. "Jembe basi, mzee. Mifupa imelika, inaweza kuvunjika. Utatembea, Mungu akipenda. Kulima, hapana."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia alipotajiwa kansa, na ile habari ya kukatwa ilimpita kama habari ya mtu mwingine. Alilia waziwazi, machozi yanamshukia hadi shingoni, akanionyesha kwa kidole bila kunitazama.

"Nani atamlimia huyu?"

Maneno yangu yote niliyoyapanga yalikosa pa kwenda. Nilimshika mguu, ndio uliokuwa karibu, nikausikia umepoa.

"Wanawake wa nyumbani kwangu wapo," alisema Hyasinti. Alisema kwa hisani, nakiri. "Mke wangu Gertrude atawaongoza. Watamlimia."

Tarsisi alijifuta uso kwa shuka. "Gertrude mgongo wake ukoje, kaka?"

"Mzima."

"Umemuuliza?"

Hyasinti alitazama mikono yake, ile mikono iliyokuwa ikilaza nyasi kila mwaka na kwenda zake, na sura yake ilikuwa ya mtu anayetafuta kitu alichokuwa nacho asubuhi. Tarsisi alimgeukia daktari.

"Nipasue," alisema.

Walimpasua siku hiyohiyo mchana. Hyasinti alikaa nami nje kwenye benchi bila kutaja suruali wala mwanaume. Sista Notburga alipita mara mbili, mara ya pili akaniletea uji na kusimama mpaka niumalize. Niliwaza kwamba nitakuwa mjane, kama si msimu huu basi ule, na nikawaza kwamba nimekuwa na bahati kuliko wanawake wengi niwajuao. Mawazo hayo mawili yalikaa pamoja kifuani na hayakugombana.

Siku ya pili baada ya upasuaji nilikwenda bombani kufua shuka lake. Niliporudi wodini palikuwa kimya na jua limemfikia kitandani. Hyasinti alikuwa ameleta ugali na maharage kutoka nyumbani, ameinama juu ya mdogo wake, anataka kumwamsha ale kabla havijapoa.

Nilimdaka mkono. Tarsisi alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anakoroma.

"Mwache," nikamwambia. "Chakula tutakipasha."